Beti Arobaini na Ukuta Mmoja

Jina la nchi yetu nisingependa kulitaja. Si kwa woga, maana sisi watumishi wa umma woga tulishaukabidhi siku ya kuajiriwa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ni kwamba jina lenyewe limo kamatini, linaboreshwa, na kabla halijarudi itabidi mniwie radhi. Nawahakikishia tu kwamba si nchi yenu. Kama kuna mahali mtaona pamefanana na kwenu, hayo ni macho yenu, nendeni mkapime.

Mimi ni karani wa mahakama ya wilaya, daraja la tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nalalamika. Nataka tu kueleza jinsi haki ilivyoletwa kwetu kutoka Uchina, ikiwa ndani ya kasha, na jinsi tulivyoipokea. Watu wa mitaani wameligeuzageuza jambo hili wanavyotaka, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Ilianza na safari. Rais wetu, ambaye kwa mujibu wa waraka huitwa Baba wa Busara, alikwenda Uchina kutazama daraja. Siku hiyo daraja lilikuwa linapakwa rangi, kwa hiyo wenyeji wakampeleka makumbusho. Huko akaelezwa kwamba zamani mahakimu wa nchi ile walikuwa washairi, na kabla mtu hajakabidhiwa wilaya alitahiniwa kwanza ushairi. Juu ya kiti cha hakimu palitundikwa ubao wa maneno ya kumkumbusha haki. Nje ya lango palikuwa na ngoma kubwa. Aliyeonewa aliipiga, na hakimu akalazimika kutoka kumsikiliza saa ileile, hata kama tonge liko mdomoni.

Baba wa Busara alisisimka. Alirudi na kasha lenye beti arobaini za mahakimu wa kale, zote juu ya haki na uadilifu, na kabla hajatoka uwanja wa ndege akawa ameshaunda Wizara ya Uadilifu wa Kale. Uwaziri akapewa Mheshimiwa Dakta Dakta Masebo. Udakta wa kwanza alipewa na chuo. Wa pili alijipa mwenyewe, baada ya kuona ule wa kwanza uko mpweke.

Akatafutwa mtu wa kutafsiri. Nchi nzima alipatikana mmoja, Mwalimu Lutengano, mzee mstaafu aliyepelekwa Uchina ujanani kusomea kilimo cha mpunga. Alikaa miaka sita, na alichorudi nacho ni kikohozi na mapenzi ya mashairi. Siku ya kukabidhi tafsiri alimwambia Waziri jambo moja, nami nilikuwa nimesimama pale na sinia la soda, nikalisikia.

“Mheshimiwa, ni vizuri ujue. Walioandika beti hizi, wengi wao walifukuzwa kazi. Walikataa kutia mhuri uongo, au walimwambia mfalme ukweli, wakapelekwa huko milimani kwenye baridi. Waliandika wakiwa hawana cheo.”

Waziri alichukua soda yake, akafikiri.

“Basi tutachukua beti,” akasema. “Tabia tuwaachie wenyewe.”

*

Waraka Namba Moja ulikuwa na mambo matatu. Kila mahakama itundike ubao wa maandishi ya Kichina kwenye ukuta mkuu. Kila mahakama iweke ngoma ya waonewa langoni. Na hakimu yeyote asisikilize kesi yoyote mpaka awe amekariri beti zote arobaini mbele ya Waziri na kupewa Cheti cha Uadilifu. Makarani nasi hatukusahauliwa: anayetaka kupanda daraja, naye akariri. Niliupokea waraka ule kwa mikono miwili, maana hata wakati huo miaka yangu ilikuwa kumi na saba, nayo ni mingi.

Bahati nzuri, kwetu ndiyo kwanza tulikuwa tumejengewa ukumbi mpya wa mahakama. Mjenzi alikuwa shemeji wa Waziri, jambo ambalo halihusiani na chochote, hata nashangaa kwa nini nimelitaja. Saruji ililetwa kwa lori mchana kweupe, ikapokelewa lango la mbele, ikapigwa picha, halafu ikaendelea na safari yake kwa lango la nyuma. Ukuta wa magharibi, ule mrefu unaotenganisha ukumbi na chumba cha mahabusu, ukajengwa kwa udongo, majivu ya tanuri na nia njema.

Ukabaki kupigwa lipu, na kusainiwa na fundi mwenye leseni. Saini hiyo ilikuwa na uzito wake. Shemeji alikuwa amepewa shule kumi na mbili za kujenga, na Serikali, ambayo hukagua kila kitu, ilikuwa imesema itazikubali zote kwa mchanganyiko wowote ambao fundi mmoja tu ameuthibitisha kwa maandishi.

Akaitwa fundi Chande. Mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliusogelea ukuta, akachomeka kidole katikati ya matofali mawili. Kidole kikaingia mpaka fundo la pili. Akakitoa, akakinusa.

“Hii si saruji,” akasema. “Lipu napiga, lakini sisaini. Huu ukuta utaua mtu.”

Alikamatwa kabla hajanawa. Hati ya mashitaka niliichapa mimi mwenyewe: kuusingizia ukuta wa Serikali, kwa maneno na kwa kidole. Akawekwa mahabusu, chumba kilekile cha nyuma ya ukuta ule, asubiri kesi. Lipu ikapigwa na mtu mwingine, ubao wa Kichina ukatundikwa juu yake, na ulipendeza kweli.

*

Mke wa Chande aliitwa Mwajabu. Alikuwa anauza supu ya mbuzi nje ya lango letu, na sisi sote tulikuwa wateja wake, hata Mheshimiwa Hakimu Tindwa, ambaye alipenda kichwa. Siku ya pili baada ya mumewe kufungiwa, Mwajabu alikuja dirishani kwangu akiwa bado ameshika upawa.

“Kaka karani, kesi ya Baba Rukia lini?”

“Mama Rukia, kesi yenu iko pazuri sana. Iko juu kabisa ya mafaili. Anasubiriwa Mheshimiwa amalize beti tu.”

“Amefika wa ngapi?”

“Wa pili.”

Baada ya miezi mitatu akauliza tena, maana alikuwa akiuliza kila siku.

“Wa tatu,” nikamwambia.

“Mwezi uliopita ulisema wa nne.”

“Wa nne ulimsahaulisha wa kwanza. Imebidi arudi.”

Akasema, “Basi nataka kupiga ngoma.”

Hapo nilifurahi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeteuliwa Karani wa Ngoma, na hakuna mtu aliyekuwa amekuja. Nikamweleza utaratibu, na ni mwepesi. Barua ya mtendaji wa mtaa. Picha mbili za pasipoti zinazoonyesha masikio yote mawili. Na barua ya aliyekuonea, ikithibitisha kwamba amekuonea.

“Aliyenionea ni Serikali,” akasema.

“Iandikie.”

Akaiandikia. Jibu nikalichapa mimi, kwa niaba ya Serikali, kwamba Serikali imejitafuta na haikumbuki kumwonea mtu. Lakini Mwajabu ni mtu wa kung’ang’ania. Alirudi, akarudi tena, mpaka siku moja mtendaji wa mtaa wake akachoka akagonga mihuri kwenye kila karatasi iliyokuwa mezani, na yake ikiwemo. Nikalazimika kumfungulia banda la ngoma.

Ngoma haikuwa imewambwa. Ulikuwepo mzinga tu, mzuri, umechongwa, lakini juu wazi. Mzinga ulikuwa zabuni moja na ngozi zabuni nyingine, na hiyo ya ngozi ilikuwa bado inatafakariwa. Ndani mfagizi wetu alikuwa anahifadhi mafagio. Mwajabu alichungulia humo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alirudi kwenye sufuria lake la supu, akachochea, na nikasaini kwenye daftari kwamba mlalamikaji ameonyeshwa ngoma.

*

Masomo ya Mheshimiwa yalifanyika ukumbini kila asubuhi. Mwalimu Lutengano alizisoma kwanza zote arobaini, kisha Mheshimiwa akafuatisha ule aliofikia. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Nilikuja wilayani na mwavuli mmoja,
naondoka na mwavuli uleule;
kilichoongezeka ni viraka.

“Huyu alikuwa hakimu kweli?” Mheshimiwa akauliza.

“Kweli, Mheshimiwa. Miaka ishirini.”

“Na hakuwa na gari?”

“Zamani hizo hapakuwa na magari.”

“Hata la wizara?”

Ubeti huo ulichukua wiki sita. Mheshimiwa hakuwa mjinga, msinielewe vibaya. Alikuwa na kichwa kizuri sana kwa vifungu vya sheria na kwa majina ya wakubwa. Ila beti zile zilikataa kukaa ndani yake. Alizipokea asubuhi, na mchana zikawa zimeshaondoka.

Waliokuwa wakizipokea ni wengine. Kwanza mimi, kwa sababu ya daraja. Nilikuwa nawahi ofisini kabla ya watu wote, nasimama karibu na ukuta wa magharibi, nanong’ona beti zangu. Siku moja nikakwama kwenye ubeti wa hakimu asiyepata mgeni, na sauti ikatoka ukutani, karibu kabisa na sikio langu.

“Umeruka mstari, karani. Kwanza mlango umeota majani, ndipo anashukuru.”

Ilikuwa ni Chande. Kule nyuma, amekaa sakafuni kaegemea, alikuwa anasikia kila neno la Mwalimu Lutengano, na hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mheshimiwa alipofika ubeti wa nane, Chande alikuwa ameshazimaliza zote arobaini na anazirudia kwa ajili yake mwenyewe. Nawakumbusha tena kwamba ukuta ulikuwa imara. Ulipitisha mashairi tu.

Tukawa na mazoea hayo. Mimi huku, yeye kule, kila asubuhi robo saa. Wakati mwingine aliuliza kuhusu bintiye, kama nimemwona akipita kwenda shule. Nilimjibu. Kuna kanuni inayokataza karani kuzungumza na mahabusu, lakini haisemi kitu juu ya kuzungumza na ukuta.

“Huyu wa mwavuli,” aliniambia siku moja, “kumbe alikuwa fundi.”

“Alikuwa hakimu, Chande.”

“Sawa, alikuwa hakimu. Lakini alikuwa anapima.”

*

Hapa lazima nieleze kuhusu meza, kwa sababu watu wamesema maneno.

Meza yangu ilikuwa ukutani magharibi, na nikaihamishia mashariki. Sababu ni mwanga. Wiki hiyohiyo mpiga chapa akaihamisha yake, kwa sababu ya upepo. Mtunza mafaili akahama kwa sababu ya mgongo. Kabati la Katiba likahamishwa ili lisipigwe na jua, ingawa upande wa magharibi haukuwa na dirisha. Mwishowe Mheshimiwa mwenyewe akaagiza jukwaa lake la uhakimu lihamishwe. Alisema anataka kuutazama vizuri ubao wa Kichina, na mtu hawezi kuutazama ubao ulio nyuma ya kichwa chake.

Kwa hiyo tukawa wote tumebanana mashariki, magoti kwa magoti, na nusu ya ukumbi iko tupu. Magharibi kulibaki vitu viwili tu, kizimba cha washitakiwa na mabenchi ya wananchi. Kila Jumatatu tulisaini pamoja fomu ya wiki kwamba ukuta uko imara, na tuliamini kabisa, kila mtu kutoka pale alipokaa.

*

Mwezi wa kumi na nne tangu Chande afungiwe, Wizara ikapiga simu. Baba wa Busara anakuja mwenyewe kumsikiliza Hakimu Tindwa akihitimu. Mheshimiwa alikuwa amefika ubeti wa thelathini na tisa, akishikwa mkono, lakini Waziri alikuwa ameshaandika kwenye ripoti kwamba ni wa arobaini, na ripoti haiwezi kurudi nyuma.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Baba wa Busara alikalishwa mbele, upande wa mashariki. Dakta Dakta Masebo alitoa hotuba.

“Ndugu zangu,” alisema, “mataifa mengine yalitafuta haki kwa kuitenda. Ni njia ndefu, ina gharama, na inachosha watumishi. Sisi tumepata njia ya mkato, tumeikariri.”

Tukapiga makofi. Mwalimu Lutengano alikohoa.

Mheshimiwa alisimama, akaanza, na niseme ukweli alikwenda vizuri. Beti alizozisahau alizipita kwa kikohozi alichojifunza kwa Mwalimu. Akafika wa arobaini, wenye hakimu mzee aliyekaribia kufa:

Nimezeeka, barua za wakubwa siwezi kuzisoma tena.
Wewe usiye na mtu, sogea useme:

Akanyamaza. Mstari wa tatu haukuja. Mimi nilikuwa naujua, wallahi nilikuwa naujua, lakini daraja la tatu halimkumbushi hakimu mbele ya Rais. Ukumbi mzima kimya. Na ndani ya kimya hicho, ukutani magharibi, chini ya ubao, sauti ikasema polepole:

“Masikio bado ninayo.”

Baba wa Busara aligeuka. “Nani huyo?”

“Mwangwi, Mheshimiwa Rais,” akasema Waziri. “Ukumbi wetu una mwangwi wa kisasa.”

“Mwangwi unaotangulia?”

Waziri alikuwa anatafuta jibu wakati ngoma ilipolia langoni. Si mzinga mtupu. Ngoma iliyowambwa, inayonguruma mpaka tumboni. Nilijua mara moja ngozi imetoka wapi. Mtu anayechinja mbuzi kila siku hakosi ngozi. Mwajabu alikuwa ameifunga mwenyewe kwa kamba, na alipiga bila kuharakisha. Chokaa nyembamba ikaanza kudondoka ukutani magharibi, taratibu, kwenye kofia za wananchi waliokaa kule.

“Ah,” Baba wa Busara akasema, na uso ukamng’aa. “Ngoma yangu. Hakimu, si inabidi utoke?”

Mwajabu akaletwa ndani. Mikono yake ilikuwa inanuka supu na ngozi mbichi. Rais akaagiza kesi isikilizwe palepale, maana alikuwa na nusu saa kabla ya chakula. Chande akatolewa, akasimamishwa kizimbani. Miezi kumi na minne nilikuwa naisikia sauti yake, nikawa nimesahau kwamba ni mfupi.

“Mheshimiwa,” Mwajabu akasema, “sina maneno mengi. Waraka wenu unasema anayejua beti arobaini ni mwadilifu. Mume wangu anazijua zote. Mwadilifu anasingizia vipi?”

Hakimu Tindwa alirekebisha joho. “Cheti hutolewa kwa aliyekariri mbele ya Waziri. Mshitakiwa amekariri nyuma ya ukuta.”

“Sawa. Basi naomba kitu kimoja. Kiti chako kihamishiwe pale,” akaonyesha chini ya ubao. “Ukae, uegemee ukuta, halafu usikilize kesi. Ukimaliza kusikiliza ukiwa bado umeegemea, mfunge mume wangu, na mimi nitaondoka.”

Nimefanya kazi mahakamani miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia ushahidi mfupi namna hiyo. Mheshimiwa aliutazama ukuta. Akasema ana tatizo la pingili za mgongo, cheti cha daktari kipo. Baba wa Busara, ambaye anapenda picha, akawaambia viongozi wote wasimame chini ya ubao apige nao picha ya kumbukumbu. Mkuu wa Wilaya akasema chokaa inamletea chafya. Waziri akasema shemeji yake ndiye mwenye haki ya kusimama pale, na shemeji akasema yeye ni mtu wa nyuma ya pazia, hapendi sifa. Kila mtu akampisha mwenzake kwa heshima kubwa. Mwalimu Lutengano peke yake alikwenda, akasimama pale na kikohozi chake, na hakuna aliyempiga picha.

Rais aliutazama ukuta, akawatazama watu wake, na nikaona ameelewa. Akainuka, akasogeza kiti chake mwenyewe karibu na mlango. Kisha akamwambia Hakimu aendelee, lakini awahi.

*

Hukumu ninayo, niliichapa. Ilisema kwamba Mahakama imeutazama ukuta kwa kina kutoka ilipo, na ikiongozwa na busara za mahakimu wa kale imeridhika pasipo shaka kuwa ukuta ni imara. Mshitakiwa ameusingizia, anatiwa hatiani. Adhabu yake ataubomoa ukuta huo imara, tofali kwa tofali, na kuujenga upya kwa saruji halisi itakayotolewa na Serikali, ili ajifunze kuziheshimu kuta.

Mwajabu alikaa chini sakafuni akaanza kucheka, na baada ya muda nikaona si kicheko tena. Chande aliuliza swali moja tu, kama saruji itakuja kwa lango la mbele na kubaki.

Ilibaki, kwa sababu sote tulikuwa tunaitazama. Alifanya kazi wiki sita na minyororo miguuni. Mchanga aliuosha, matofali akayalowesha, na kila mistari mitatu ya matofali alishusha timazi kupima kama umesimama wima, akafumba jicho moja. Alipomaliza akaumwagia ukuta maji asubuhi na jioni, siku saba, aukomaze. Nilimwuliza mbona anajisumbua hivyo kwa kazi ya kifungo.

“Nawe si utakaa hapa, karani?” akasema. “Na meza yako?”

Nilikwenda kujifanya natafuta faili. Sikupenda aone uso wangu, na sababu haikuwa mwanga.

Siku ya kuachiliwa nilimletea fomu ya kutokea. Ilikuwa imetoka Wizarani tayari imeandikwa. Kwa kuwa Mahakama ilikwisha kuamua kwamba ukuta wa mwanzo ni imara, na ukuta imara hauna sababu ya kubomolewa, kisheria haukubomolewa. Mfungwa athibitishe kwa saini yake kwamba ukuta huu ni uleule wa awali, haujaguswa, na kwamba mchanganyiko wake wa awali unafaa kwa majengo mengine ya umma.

Chande aliisoma mara mbili.

“Uleule?”

“Uleule.”

“Wa majivu?”

“Wa mchanganyiko ulioidhinishwa,” nikasema.

Mwajabu alikuwa amekuja na nguo zake safi kwenye mfuko. “Baba Rukia, saini,” akasema. “Ukuta si umeshaujenga? Mtoto ameanza kusahau unavyocheka. Saini tu, twende nyumbani. Nimechoka, mume wangu, jamani nimechoka.”

Alishika kalamu. Niliona ameishika. Halafu akamwuliza mkewe, “Shuleni kwa Rukia wameanza kujenga lile darasa?”

Mwajabu alitazama mfuko wa nguo, akatazama ukuta. Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwa mumewe na kuirudisha mezani kwangu, taratibu.

Hati mpya nikaichapa mimi. Kuusingizia ukuta wa Serikali kwa mara ya pili, safari hii kwa kuusifu, akidai ni mzuri kwa sababu umejengwa na yeye. Akarudishwa nyuma ya ukuta kusubiri kesi. Na kesi itasikilizwa, msiwe na wasiwasi, mara tu Mheshimiwa Tindwa, aliyepewa cheti chake na nishani juu, atakapomaliza beti kumi za nyongeza ambazo Wizara imezitoa mwezi huu. Shule kumi na mbili bado zinasubiri saini. Shemeji amekuwa mkali sana siku hizi, lakini mafundi wenye leseni, kila mmoja anayeitwa, anaomba kwanza achomeke kidole.

Mimi niko salama. Meza yangu imerudi magharibi, na za wengine pia, na jukwaa la Mheshimiwa liko chini ya ubao, ameegemea. Kabati la Katiba ndilo la kwanza kurudi. Nje ngoma inalia kila asubuhi kabla supu haijaiva, na sisi tunafunga dirisha.

Mtihani wangu wa daraja la pili ni leo saa nne. Beti zote ninazo, isipokuwa mstari ule wa mwisho wa ubeti wa arobaini, ambao umenitoka ghafla tangu jana, sijui umeendea wapi. Mwalimu Lutengano hayupo wa kuniambia. Wizara imempeleka milimani akafundishe mpunga.

Kwa hiyo nimewahi, kama zamani. Nimesimama ukutani nikasema kwa sauti, “Wewe usiye na mtu, sogea useme,” nikangoja aniambie kinachofuata. Nimegonga. Nimesema tena. Nimebandika sikio tangu saa moja asubuhi, na lipu ni ya baridi, laini, haina hata ufa. Najua yuko pale kaegemea. Lakini fundi alijenga vizuri, hakuna kinachopita.